Kava la mbele la pikipiki linapokusumbua: dalili, chanzo na dawa ya upepo

Afande mmoja mstaafu alinijia hapa Bombo, Uganda, jioni, Boxer BM 150 yake ikiwa bado inatoa joto la safari ya Gulu, na mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika shingo. Mbele ya pikipiki alikuwa amefungiwa kava kubwa la faiba, na juu yake kioo cha perspeksi, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kilichokaribia kufika kwenye paji la uso wake.

"Fundi, niongezee kioo. Upepo bado unanipiga kichwani."

"Afande, naomba tukate tundu kwanza."

"Tundu? Mimi nimekuja kuuzuia upepo, wewe unataka kuukaribisha ndani?"

Nimeyasikia maneno hayo kwa wateja wengi, na wengi wao wameshatumia pesa mara mbili kabla ya kunifikia. Mtu anajenga kava, upepo unamsumbua, anaongeza kioo. Unazidi, anaongeza masikio ya pembeni. Mwisho anaendesha kibanda kizima na kichwa bado kinatikisika. Kwa hiyo nimeandika haya kwa ajili ya yule aliyejijengea kava la mbele, au feringi kama wauza spea wanavyoliita, au aliyejengewa na fundi, na sasa halimpi raha. Tafuta dalili yako, soma chanzo chake, kisha ndipo ushike msumeno.

Kabla ya kulilaumu kava

Vua kava lote, endesha kilomita kumi bila hilo, kisha lirudishe na upite njia ile ile. Hii ni kazi ya bolti nne au sita, na watu wengi hawaifanyi. Tatizo likibaki hata kava likiwa limevuliwa, basi si la kava. Tairi lenye upepo mdogo, beringi za shingo ya usukani zilizolegea, helmeti kubwa kuliko kichwa: vyote hivyo vinaleta mtikisiko ambao mtu huuita upepo.

Jambo la pili ni mahali unapojaribia. Usijaribu ukiwa nyuma ya lori. Trela linapokwenda huacha nyuma yake hewa iliyovurugika kwa mita nyingi, na hewa hiyo inakipiga kichwa sawasawa na kioo kibaya kinavyokipiga. Mwenzangu mmoja alirekebisha kava lake mara tatu kwa majaribio ya barabara ya Jinja, njia ya matrela ya Malaba mchana na usiku, na kila jaribio lilimpa jibu tofauti. Chagua kipande cha lami kilichonyooka, asubuhi mapema, kabla upepo wa mchana haujaamka. Mimi hupenda kule mbele ya Luweero kuelekea Nakasongola, ambako ni tambarare na magari huachana nafasi.

Tatu, tafuta uzi wa sufi, ule wa kufumia masweta. Kata vipande vya sentimita nane hadi kumi, uvibandike kwa selotepu kwenye kioo upande wa ndani na wa nje, pembeni mwa kava, kwenye matundu, na kimoja mbele ya helmeti. Mpe rafiki simu akupige video kutoka pikipiki nyingine inayokwenda sambamba nawe, au uifunge simu vizuri kwenye tangi. Uzi uliolala kimya kuelekea nyuma unaonyesha hewa tulivu. Unaocheza kama mkia wa mbuzi unaonyesha hewa iliyovunjika. Unaoelekea mbele, yaani kinyume na safari, unaonyesha kwamba hewa inarudi nyuma ya kioo. Huo wa tatu ndio wa kuutafuta.

Kichwa kinatikisika, koti linajaa upepo kwa nyuma

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo lalamiko kubwa.

Dalili zake huja pamoja. Helmeti inatetemeka mpaka huwezi kuisoma spidomita. Masikioni kuna ngurumo isiyokatika. Koti linavimba mgongoni na kukusukuma mbele. Mvua inakulowesha shingo kwa nyuma ingawa unaiendea uso kwa uso. Na barabara ya vumbi ikifika, tangi na mapaja vinajaa vumbi jekundu kuliko siku ulipokuwa huna kava kabisa. Hilo la vumbi huwashangaza watu: wameweka ngao mbele, vumbi limeongezeka.

Chanzo ni kimoja. Kioo kinaisukuma hewa juu na pembeni, na nyuma yake panabaki pengo lenye mgandamizo mdogo wa hewa. Pengo hilo lazima lijazwe. Kwa kuwa kioo kimefunga mbele, hewa inarudi kulijaza kutoka juu, kutoka mabegani na kutoka nyuma ya mgongo wako, na hairudi kwa utaratibu, inarudi kwa mafundo mafundo. Kila fundo ni kofi dogo kwenye helmeti. Vumbi linaloinuliwa na magurudumu nalo linavutwa humo humo. Ukiongeza urefu wa kioo, pengo linakua. Ndiyo maana Afande alikuwa anaongeza kioo na kuongeza maumivu ya shingo.

Ili ujue ni hilo, panda mwendo wa 60 kwenye njia tupu na uinuke kidogo juu ya vikanyagio, kichwa kitoke kabisa juu ya hewa ya kioo. Kelele itakuwepo, ila kutetemeka kutakoma. Kisha rudi ukae na uiname mpaka kidevu kikaribie tangi. Kukiwa kimya huko chini pia, jua kichwa chako kimekaa pale pale ambapo hewa safi ya juu na hewa chafu ya ndani zinasuguana. Ukipenda, peleka kiganja cha kushoto juu ya ukingo wa kioo polepole na utausikia mpaka wenyewe. Mkono wa kulia ubaki kwenye gesi.

Dawa yake ina hatua tatu. Usiruke hata moja, na usifanye mbili kwa siku moja, la sivyo hutajua iliyokuponya ni ipi.

Kwanza, tundu la chini. Mahali kioo kinapokutana na kava, juu kidogo ya taa, ndipo hewa inapogandamizwa zaidi. Fungua hapo mwanya wa upana wa sentimita 15 hadi 20 na urefu wa sentimita tatu hadi nne. Hewa itaingia nyuma ya kioo bila kulazimishwa na kulijaza lile pengo, na mafundo yatakosa sababu ya kurudi. Huna haja ya kukata mara moja: legeza bolti za chini za kioo, weka vipande vya mpira au mrija wa plastiki kati ya kioo na kava ili kioo kisogee mbele sentimita tatu, kisha endesha. Tofauti ikitokea, sasa kata. Mwanya ukiingiza hewa nyingi hadi inakupiga kifuani, weka ndani yake ulimi mdogo wa faiba unaoielekeza juu, sambamba na kioo.

Pili, pembe. Kioo kilichosimama wima kama ukuta kinavunja hewa vibaya kuliko kilicholala. Kilaze nyuma kidogo kidogo, digrii tano tano, na ujaribu kila mara. Ukikilaza kupita kiasi kimo kinapungua na hewa inakufikia kooni, kwa hiyo hapa ni kupatana, si kushinda.

Tatu, urefu, na mara nyingi jibu ni kupunguza. Kaa kwenye pikipiki kama unavyokaa ukiwa safarini, si kama unavyokaa ukipigwa picha. Ukingo wa juu wa kioo uangukie kati ya pua na kidevu, ili uone barabara kwa kupitia juu yake. Hewa inapoachana na ukingo huo hupanda kwanza kabla ya kulala, kwa hiyo kioo cha kimo cha pua kinaweza kuipitisha juu ya helmeti. Kuangalia barabara kupitia kioo ni hatari hapa kwetu: mvua ya Aprili, wadudu wa jioni, na taa za lori usiku kwenye perspeksi iliyokwaruzika, huoni kitu.

Afande tulimkatia mwanya wa sentimita 18 kwa tatu na nusu, tukajaribu, akasema koti limetulia ila kichwa bado. Siku ya pili nikashusha kioo chake sentimita tisa. Aliniangalia kama mtu ninayemkatia mkono. Aliporudi kutoka Luweero hakusema neno, akaigusa spidomita kwa kidole kunionyesha: sasa anaisoma.

Kuna ndugu wa tatizo hili ambaye watu humchanganya nalo: upepo unaokupiga chini ya kidevu na kuinua helmeti, wakati mabega yametulia. Huo hautoki juu ya kioo. Unapanda kutoka chini, kati ya tangi na shokamzoba za mbele. Ziba nafasi hizo kwa selotepu na boksi la katoni kwa safari moja fupi, ukihakikisha usukani unageuka bila kugusa. Ukiona nafuu, kata vipande vya tyubu kuukuu ya gari na uvifunge kama mapazia pembeni mwa shokamzoba. Mpira wa tyubu haupigi kelele, haupasuki, na bei yake ni salamu tu kwa mziba pancha.

Joto magotini, injini inanuka oili

Boxer, TVS Star na nyingi za hapa zinapoza injini kwa hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda. Kava likishuka chini hadi kuifunika injini, umeivika koti la baridi. Dalili ni joto lisilo la kawaida kwenye magoti na mapaja, harufu ya oili iliyopashwa, pikipiki kupoteza nguvu mlimani, na injini kugonga ukiongeza gesi ukiwa kwenye gia kubwa.

Fahamu kwanza kwamba kwenye foleni ya Kampala joto lipo hata bila kava, kwa sababu hakuna hewa inayopita. Kinachotuhusu hapa ni joto lisiloondoka ukiwa unakwenda 60 kwenye njia wazi.

Kosa ninaloliona zaidi ni matundu yaliyokatwa kwa urembo. Mtu anakata tundu mbele hewa iingie, kisha anakata jingine pembeni ambalo nalo mdomo wake unatazama mbele. Hewa inaingia kwa milango miwili na haina pa kutokea, inasimama ndani na kupikwa. Mlango wa kuingilia utazame mbele. Wa kutokea utazame nyuma, ukae ubavuni mwa kava nyuma ya silinda, na uwe mkubwa kuliko wa kuingilia. Mimi hutumia kipimo cha mara moja na nusu, na hakijaniangusha. Mbele ya tundu la kutokea weka mdomo ulioinuka sentimita moja au moja na nusu. Hewa ya nje ikiruka juu yake inaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unaifyonza hewa ya moto.

Bandika uzi kwenye tundu la kutokea. Ukitoka nje, vizuri. Ukivutwa ndani, tundu lako linafanya kazi kinyume, na hata ulipanue mara mbili halitasaidia mpaka ulihamishe au uliongezee mdomo. Angalia pia kwamba hewa ya moto inatoka chini ya goti, si juu yake.

Kwa kutengeneza midomo hiyo kuna njia rahisi. Chukua dumu la njano la lita 20, lile la maji, ukate kona yake. Rezini, ile gundi ya maji inayolowesha faiba na kuigandisha, haishiki kwenye plastiki ya dumu. Tandaza faiba juu ya kona hiyo, isubiri ikauke, ibandue: umepata mdomo wa hewa uliopinda vizuri bila kuchonga kitu.

Usukani unacheza kwenye mwendo mkubwa

Hapa acha kuendesha hadi ujue chanzo. Dalili nyingine zinahusu raha, hii inahusu uhai.

Pikipiki ikianza kuyumba mkia au usukani kutikisika ukivuka 70 au 80, angalia kwanza kava limefungwa wapi. Likining'inia kwenye usukani na kwenye mabano ya taa, linageuka pamoja na gurudumu. Hebu pima: kioo cha sentimita 50 kwa 40, ukiwa kwenye 80, kinasukumwa na hewa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo tano. Ukifika 100 ni karibu kilo nane, kwa sababu nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo bali kwa mraba wake. Nguvu hiyo yote sasa inaushika usukani. Ikiwa upande mmoja umezidi mwingine hata sentimita mbili, unavutwa kila sekunde. Kioo kidogo chepesi kinaweza kukaa kwenye usukani bila shida. Kava zima halifai, lifungwe kwenye fremu: tengeneza mkono wa bomba jembamba la chuma unaoshika shingo ya fremu mbele ya tangi, na miguu miwili inayorudi chini.

Ukishahamishia kwenye fremu, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Iwepo nafasi ya vidole viwili angalau kati ya vishikio na kava, pande zote. Kisha washa injini, gia ikiwa huru, na ugeuze tena. Injini ikipandisha mlio ukigeuza upande mmoja, kebo ya gesi imebanwa na kava. Ukikata kona ya sokoni na kebo hiyo, utaelewa nilichokuwa nakiogopa.

Baada ya hapo ndipo uangalie mengine. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele liwe hewani, na uzungushe usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukikwama kidogo pale katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Na angalia keria: mikungu mitatu ya matoke nyuma ya ekseli inalifanya gurudumu la mbele liwe jepesi, na kava kubwa mbele linamalizia kazi.

Upepo wa ubavuni ni habari nyingine. Kwenye lile bwawa la mafunjo la Lukaya, njia ya Masaka, hakuna mti wala nyumba, na kava lenye mbavu ndefu linakuhamisha njia bila kukuuliza. Hapo dawa ni kupunguza mbavu. Kava zuri la pikipiki ya cc 150 linaziba kifua na mikono, linaishia hapo.

Nyufa kwenye bolti na kelele za kugongana

Injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu. Ufa ukianzia kwenye tundu la bolti, sababu ni moja kati ya tatu: tundu ni dogo mno, bolti imekazwa mno, au tundu liko karibu mno na ukingo.

Kwa bolti ya milimita tano, toboa tundu la milimita saba au nane, uweke pete ya mpira ndani yake na washa pana pande zote mbili. Kaza hadi mpira uanze kubonyea, simama hapo. Tumia nati yenye plastiki ndani ili isilegee, maana gundi ya kufungia nyuzi za bolti inapasua perspeksi. Ufa uliokwisha kuanza, utoboe tundu la milimita tatu kwenye ncha yake kabisa ili usiendelee, kisha uugange kwa faiba kutoka ndani, tabaka mbili zinazovuka ufa kwa sentimita tano kila upande. Bodifila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, peke yake juu ya ufa ni vipodozi.

Kelele isiyoonekana inatafutwa kwa kiganja: injini ikiwa inanguruma pikipiki imesimama, bonyeza kava sehemu moja baada ya nyingine mpaka kelele ikome.

Matatizo ya faiba yenyewe

Kava likibaki linanata siku ya pili, hadena, yaani dawa ya kugandisha rezini, ilikuwa kidogo au haikuchanganywa vizuri. Kwa kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Mchana wa jua kali nenda chini, asubuhi ya baridi nenda juu, lakini usishuke chini ya 10 kwa kutaka kujipa muda. Afadhali uchanganye kikombe kidogo kidogo. Rezini ikiganda kwenye kopo na kutoa moshi ulichanganya nyingi mno kwa mara moja. Itoe nje, usiiinamie. Unyevu nao unaharibu, kwa hiyo usitandaze faiba mvua ikinyesha.

Boya jeupe la kufungia televisheni halifai kuchongewa umbo ukimwaga rezini moja kwa moja juu yake, litayeyuka mbele ya macho yako. Lifunike lote kwa selotepu pana ya kahawia au kwa plasta kwanza. Na kava likigoma kutoka kwenye kalibu, nta ilikuwa chache: paka mara nne au tano, ukiacha ikauke na kuisugua kila mara. Ukishakwama, mimina maji polepole kati ya kalibu na kava na ugonge kwa nyundo ya mpira. Tindo itaharibu vyote viwili.

Madoa meupe yanayoonekana kama maziwa ndani ya faiba ni hewa au sehemu iliyokosa rezini. Kata, jaza upya. Tabaka moja la mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba linakupa unene wa karibu milimita moja. Tabaka mbili zinatosha mwilini, tatu au nne kwenye matundu ya bolti. Anayeweka tabaka sita "liwe imara" anapata kava zito linalojivunja lenyewe kwa mtetemo.

Hadena ni kitu cha kuogopwa. Tone moja jichoni linaweza kukupofusha, kwa hiyo vaa miwani, na usiichanganye kamwe moja kwa moja na kile kichapuzi cha zambarau kinachouzwa pamoja na baadhi ya rezini. Viwili hivyo vikikutana vyenyewe vinaweza kulipuka. Rezini inakaa katikati yao, daima. Vumbi la faiba lisugulie nje ukiwa na barakoa, na oga kwa maji baridi. Ukioga ya moto utajikuna usiku kucha.

Kioo kinapasuka au kimekuwa na ukungu

Nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka bolti hutokana na kukaza sana au kufutia petroli. Petroli na thina ni sumu ya perspeksi na ya polikaboneti pia. Osha kwa maji mengi na sabuni, kwa kiganja, vumbi likiwa limeshalowa. Kitambaa kikavu juu ya vumbi jekundu ni msasa.

Kioo kilichopindishwa juu ya sigiri kitakuwa na mapovu upande mmoja na ubaridi upande mwingine. Perspeksi inahitaji joto la karibu nyuzi 150 hadi 160, la sare, pande zote. Maji yanayochemka hayafiki. Ndiyo maana mimi huwapelekea wachora mabango wa Kampala wenye vifaa vya kupashia, nikiwapa umbo la bati nililolipinda mwenyewe. Senti zangu hazijawahi kunilaumu kwa hilo.

Abiria analalamika

Nilidhani nimemalizana na Afande. Jumapili iliyofuata alirudi, safari hii na mkewe nyuma, na aliyeshuka kwanza alikuwa mama.

"Fundi, shikamoo sitaki kuitikia leo," alisema akicheka nusu. "Umeutoa upepo kwa mzee ukaniletea mimi."

Alikuwa sawa. Abiria anakaa juu kuliko dereva, na hewa iliyoruka juu ya helmeti ya dereva inamshukia yeye usoni. Nilimpima mama akiwa ameketi: macho yake yalikuwa sentimita 11 juu ya ya Afande. Kurudisha kioo juu kungemrudishia mzee shingo yake. Nilichofanya ni kuongeza juu ya kioo ubapa mdogo wa perspeksi wenye upana wa sentimita sita, umeinuliwa kwa vipande vya bomba ili kati yake na kioo ubaki mwanya wa sentimita mbili hewa ipite chini yake, na kumwambia mama asogee karibu na mgongo wa mzee badala ya kukaa mwisho wa siti karibu na keria. Wakaenda hadi Wobulenzi na kurudi. Mama alisema kwa mwendo wa 60 ni shwari, zaidi ya hapo bado anashika kitambaa chake. Kwa hiyo siti inashushwa sentimita nne wiki hii, na ikishindikana tutagusa pembe ya ule ubapa.